Mashimo Mawili Niliyoyaficha

Mwanangu Mwanaidi,

Umetoka na binamu yako kwenda Kariakoo kutafuta begi jingine, kwa kuwa lile la kwanza zipu yake imekataa kabla hata hujalitia nguo. Najua hamtarudi kabla ya magharibi, maana wewe ukiingia Mtaa wa Congo hutoki mpaka umebishana na nusu ya wauzaji. Kwa hiyo nina saa tatu za nyumba tupu. Nimezitafuta saa hizi kwa zaidi ya miaka kumi, na kila nilipozipata nilijitafutia kazi ya kufanya.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula, wala watu wa kuwaogopa. Shangazi zako wamekwisha kuyamaliza hayo, na nilikuona ulivyokuwa ukiitikia huku unaangalia simu. Nataka kukuandikia habari za kazi. Juzi tulipokuwa tunakula ulitueleza utakachokwenda kufanya huko Kuala Lumpur. "Nitakuwa nakagua majengo ya watu wa nchi tano, na hata mmoja simuoni uso. Wao wanapandisha modeli mtandaoni, mimi naifungua, naizungusha, naandika maoni, wanarekebisha, basi." Shangazi yako akasema, "Makubwa haya," wote wakacheka. Mimi niliinuka nikaenda jikoni, nikafungua bomba na kusimama pale maji yakimwagika. Ulinifuata ukanikumbatia, ukidhani nalia kwa sababu unaondoka. Nilikuacha udhani hivyo. Nimekuacha udhani mambo mengi, na hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Kazi hiyo unayokwenda kuifanya naijua. Niliwahi kukaa upande wa pili wake, upande wa anayekaguliwa.

Unakumbuka kidogo kwamba nilikuwa mchora ramani wa shirika la umma. Pale shirikani mkaguzi wetu alikaa meza ya tatu kutoka kwangu. Ukimpelekea mchoro hasemi kitu, anavaa viatu vyake vya mvua na kwenda kiwanjani kukanyaga mwenyewe. Akirudi na matope mpaka magotini ndipo anachukua penseli nyekundu. Tulikuwa tunamcheka. Kisha likaja wimbi la kubinafsisha, shirika likafungwa, tukapewa barua zetu, na mimi nikaondoka na meza yangu ya kuchorea kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nilijifunza kuchora kwa kompyuta nikiwa na miaka thelathini na saba, darasani na watoto walioniita mama. Nikapanga chumba cha ofisi mtaa wa Gerezani, juu ya duka la vipuri, baba yako akiwa na kikosi chake cha mafundi. Mimi nachora, yeye anajenga. Miaka ile kila mwenye kiwanja Kariakoo alitaka ghorofa, na zile nyumba za vyumba sita zilikuwa zinavunjwa mtaa hadi mtaa. Kazi hazikutupa nafasi ya kupumua.

Ndipo akaja Bwana Jitu, muuza vitambaa. Alikuwa amenunua nyumba ya zamani karibu na Mtaa wa Sikukuu na alitaka ghorofa nne. Alikuwa mtu mwema na mwoga. "Dada, wewe chora, mumeo Fundi Athumani ajenge," aliniambia. "Lakini shemeji yangu Ahmedabad ni mhandisi. Naye ataangalia kila kitu. Mimi jengo siliamini kwa jicho moja."

Shemeji yake alitufungulia tovuti ambamo mtu wa Dar na mtu wa India waliweza kuingia ndani ya jengo lile lile. Unaligeuza, unafungua ghorofa baada ya ghorofa, na penye kasoro unazungushia duara jekundu na kuandika pembeni. Kwako wewe hayo ni mambo ya kawaida. Kwangu ilikuwa ajabu. Laini yetu ya simu haikuweza kubeba faili kubwa, kwa hiyo nilikwenda kwenye intaneti kafe ya Msimbazi, na mara ya kwanza nilivaa gauni langu la Idi. Cheka ukitaka. Nilivaa gauni la Idi kwenda kupandisha faili, kana kwamba mtu wa Ahmedabad ataniona kupitia waya.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Tulipokwenda kupima kile kiwanja, alikuwepo bado mpangaji mmoja, Bibi Mwajuma, aliyekaa pale tangu usichana wake. Alinishika mkono akanipeleka uani. "Hapa kilikuwa choo cha kwanza," akasema. "Kilipojaa wakafukia, wakachimba hiki kingine. Hiki nacho wakafukia. Hiki cha sasa ni cha tatu." Huo ndio ulikuwa mtindo wa nyumba zile, choo kikijaa kinafukiwa kwa mchanga na takataka na maisha yanaendelea. Choo cha tatu kilikuwa kinaonekana, tungekichimbua na kukijaza ipasavyo. Vile viwili vya zamani juu yake palikuwa na sakafu ya saruji na kamba ya kuanikia nguo. Nilivipima. Nikaviingiza kwenye mchoro, kwenye tabaka lake peke yake, sisi tunaita leya, nikalipa rangi ya udongo. Kimoja kilikuwa kona ya nyuma, chini kabisa ya nguzo niliyokuwa nimeiweka.

Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri, Mwanaidi. Nataka ujue hivyo, kwa sababu ndicho kinachoniuma zaidi. Sikusahau wala sikukosa kujua.

Siku ya kupandisha modeli nilikaa mbele ya kompyuta nikaitazama kama vile mtu wa nje atakavyoitazama. Niliona nguzo zilizonyooka, ngazi, madirisha ya duka, na chini yake vyoo vyetu. Niliona aibu. Sikuona hatari hata kidogo, niliona aibu tu. Bibi yako alitulea kwamba mgeni akija unafagia uwanja, unafunga mlango wa choo na kuweka ndoo mbali. Nikajiambia huyu ni Mhindi msomi, ndugu wa mwenye mali, atasema hawa watu wanajenga juu ya kinyesi. Nikajiambia nitavishughulikia mwenyewe na Athumani huku huku nyumbani. Nikaizima ile leya, nikahifadhi nakala isiyo nayo, nikaipandisha hiyo.

Baada ya siku tatu majibu yakaja. Maduara mekundu yalikuwa sita tu, ya mambo madogo ya nondo na ngazi. Juu yake ameandika kwamba hajaona mchoro safi hivi kutoka kwa mtu asiye mhandisi. Niliichapa karatasi ile, Mwanaidi. Nilimwonyesha baba yako, nikamwonyesha hata muuza vipuri wa chini. Tangu shirika lifungwe hakuna aliyewahi kuniambia kazi yangu ni nzuri.

Lakini palikuwa na duara la saba, halikuwa kwenye jengo, lilikuwa pembeni ya kiwanja. Ameuliza: kuna mashimo, visima au misingi ya zamani chini ya ardhi? Mtu yule alikuwa maelfu ya maili mbali, hakuwa na viatu vya mvua vya kumfikisha Kariakoo. Alichoweza ni kuuliza, na aliuliza. Nilikaa na lile swali muda mrefu mpaka mwenye kafe akaniuliza kama mashine imeganda. Ningejibu kweli, ningelazimika kueleza kwa nini mara ya kwanza hayakuwemo, na zile sifa zingegeuka. Nikaandika: Hakuna. Nikalifunga lile swali, likawa kijani.

Wiki ya kuchimba msingi baba yako alinipigia simu ofisini.

"Mama Mwanaidi, kona ya nyuma udongo mweusi, laini. Fimbo inazama. Hapa si ndipo alipokuonyesha yule bibi?"

"Ndipo."

"Yale mashimo yamo kwenye mchoro aliouona mhandisi?"

"Yamo."

"Kasemaje?"

"Kasema endeleeni. Chimbeni zaidi kidogo, mwageni kokoto, endeleeni."

"Haya. Kama msomi kasema." Akakata.

Uongo wa kwanza niliufanya kwa aibu, wa pili kwa sifa. Huu wa tatu niliufanya kwa sababu nilikwisha kufanya ule wa kwanza na wa pili. Baba yako hakuniuliza tena, kwa kuwa katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja sikuwahi kumpa kipimo cha uongo.

Kilichotokea baadaye unakijua, au unajua kipande chake. Ulikuwa darasa la tano. Jengo lilikuwa limefika jamvi la zege la ghorofa ya tatu, ile nguzo ya kona ikatitia, ngazi ikakatika na kuanguka na ukuta. Ilikuwa saa ya chakula na mafundi walikuwa nje kwenye kivuli cha jirani. Mama Chausiku, aliyewauzia mafundi chakula, alikuwa ndani, chini ya ngazi, alikokuwa anapikia kwa sababu ya upepo. Mama Chausiku ambaye alikuwa akikuwekea ukoko wa wali ukitoka shule. Walimtoa baada ya Alasiri.

Kamati ya uchunguzi ilikuja, ikatazama karatasi, na karatasi zote zilikuwa sawa. Mchoro ulikuwa umekaguliwa na mhandisi wa nje na maswali yote yamefungwa. Msingi hakuna aliyeufukua, kifusi kilikuwa juu yake. Kilichobaki ni zege, na wiki ile mashine ya kuchanganyia ilikuwa imeharibika, baba yako alichanganya kwa koleo, naye hakukana. Wakasema zege lilikuwa hafifu. Mtaani wakasema Fundi Athumani alipunja saruji. Akakaa rumande wiki sita.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa ameshaonyeshwa mchoro. Tulikaa tukatazamana, askari mmoja akipiga miayo karibu yetu.

"Hayamo," akasema.

"Hayamo."

Kisha akauliza, "Mtoto mwakani anaingia la sita?"

"La sita."

"Basi abaki mmoja wetu wa kumsomesha. Mimi jina langu limeshakwenda. Lako libaki."

Nilipaswa kukataa, mwanangu. Kila siku natafuta maneno ambayo ningeyasema pale, na ninayapata, mazuri kabisa, nikiwa napika au nafua. Siku ile nilisema, "Sawa." Hilo moja tu.

Alipotoka hakurudi nyumbani. Ulilia ukaniuliza kwa nini, nikakwambia watu wazima wana mambo yao. Ukweli ni kwamba alisimama mlangoni akaniambia, "Naweza kunyamaza, na naweza kuishi na wewe. Vyote viwili siwezi." Akahamia Ilala, kwenye kile kibanda anachochomelea mageti. Hakuna aliyempa jengo tena.

Mwaka uliofuata nilikupeleka kumsalimia sikukuu ya Idi. Hukumpa mkono. Ulisimama pale na viatu vyako vipya ukamwambia, "Wewe ndiye uliyemuua Mama Chausiku." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako. Alinitazama juu ya kichwa chako, kidogo tu, kisha akakutazama wewe na kusema, "Ndiyo, mwanangu." Ulitoka mbio. Tangu siku ile hujapokea simu yake hata moja, na mwaka jana ulipohitimu ulimwambia binamu yako kwamba umesomea ujenzi ili kufuta alichofanya baba yako. Binamu yako alinisimulia akitabasamu, akidhani atanifurahisha.

Baba yako hakumuua mtu. Mchoro wangu ndio uliomuua Mama Chausiku, na mimi nilikuwa najua.

Sitakuomba unisamehe kwenye barua. Ingekuwa kukubebesha mzigo wa pili siku ya safari. Lakini kwa kuwa unakwenda kukaa kwenye kiti cha yule mtu wa Ahmedabad, nikwambie ninachokijua kutoka upande huu. Mtu atakayekuletea modeli atakuwa amekwisha kuifagia. Wengine watafagia kwa wizi, wengi watafagia kwa adabu, na hao wa adabu ndio wagumu kuwatambua, kwa sababu ni watu wazuri. Hutaona alichokizima. Utaona alichokiacha tu. Akikujibu upesi kwamba hakuna kitu, usifunge. Muulize tena baada ya siku mbili, kwa upole, kwa namna itakayompa nafasi ya kubadili jibu bila kuaibika. Mimi ningeulizwa mara ya pili hivyo, nadhani ningesema. Nadhani tu, sina hakika. Na akikuletea mashimo yake bila kuulizwa, msifu kwa hayo kabla ya kumsifu kwa jingine lolote.

Sasa nikueleze nilichofanya wiki hii, usije ukakisikia kwa mtu.

Jumatatu nilikwenda kwa Chausiku, Buguruni, kwa miguu yangu. Anauza chakula kama mama yake. Miaka yote hii nimekuwa nikimpelekea nguo za Idi, naye ananiita mama mkubwa. Nilimweleza yote, alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Naomba uondoke." Nikaondoka. Sikutegemea kingine.

Jana nilifungua ile kompyuta ya zamani. Leya yangu bado ilikuwepo kwenye nakala ya kwanza, na rangi yake ya udongo. Tovuti yenyewe ilikwisha kufungwa siku nyingi, kwa hiyo niliituma modeli kwa barua pepe, nzima, vyoo vyote viwili vikiwa vimewashwa, pamoja na jibu langu la siku ile, na maelezo yenye jina langu. Nilimtumia Bwana Jitu. Niliwatumia wale wanaosajili watu wa kazi yetu. Nilimtumia yule mhandisi, nisijue kama bado yu hai. Nadhani nitafutwa kwenye orodha yao, na huenda nikaitwa polisi. Ofisini kwangu nimekwisha kuwaambia wasiniwekee kazi mpya. Usiahirishe safari kwa ajili hiyo. Ukiahirisha nitakasirika kweli kweli, na unanijua nikikasirika.

Asubuhi hii mhandisi alijibu. Ameshastaafu. Sikuona hasira wala pole katika barua yake. Ameifungua modeli, ameitazama ile kona, akaniandikia kwamba angeisogeza nguzo mita moja na nusu upande wa kushoto, na kwamba kwa jengo la ukubwa ule ni kazi ya robo saa.

Nimeisoma mara nyingi. Robo saa. Muda mwingi kuliko huo ulipita mimi nikiwa nimekaa pale kafe na lile swali lake mbele yangu.

Baba yako sijamwambia kwamba nimekuandikia. Hajui kwamba leo hii kuna mtu yeyote anayejua. Sijui ukienda utamwambia nini, wala sina haki ya kukuchagulia. Hujui hata mlango wake siku hizi, kwa hiyo nakuelekeza: shuka kituo cha sokoni Ilala, uliza karakana ya Fundi Athumani, mageti yake yameegeshwa nje, mengi hayajapakwa rangi.

Ndege yako ya kesho inaondoka saa kumi jioni. Yeye hufungua saa moja asubuhi.

Mama yako